Mtu wa Mtungi

Kila alfajiri, kabla jua halijachomoza kwenye nyanda za Kitengela, Seleyian alikwenda kioski kuteka maji. Mtungi wa lita ishirini mgongoni, kamba kwenye paji la uso. Mama yake alikuwa amejifungua wiki iliyopita. Baba yake, Saning'o, alikaa mlangoni na chai yake, kwani kwao mwanamume akibeba maji huchekwa. Basi binti huyo akachelewa shule mara tatu.

"Ukichelewa tena," Mwalimu Beverlyne akamwonya, "swali lako la Pasaka nitampa mwenzako Wanyonyi."

Swali alilopewa kujibu darasani lilikuwa hili: Yesu alipowatuma wanafunzi wawili kutayarisha Pasaka, aliwaambia watakutana na mwanamume aliyebeba mtungi wa maji, wamfuate mpaka nyumba atakayoingia. Ni nani huyo? Jina hana, neno hasemi.

"Labda hakuwa na bibi," Wanyonyi akasema. Darasa likacheka.

Lakini Seleyian hakuweza kumsahau mtu huyo wa mtungi. Akitembea kwenye ukungu, kamba ikimkata paji, alimwona kama ndotoni, ameinama mbele yake, maji yakimchuruzika visiginoni. Akiongeza hatua, naye anaongeza.

Alhamisi jioni akauliza, "Papa, ungemfuata mwanamume aliyebeba maji?"

"Ningemcheka. Mji mzima ungemwona."

Kisha baba akamgeukia. Alitazama alama ya kamba kwenye paji la binti yake mpaka chai ikapoa.

Ijumaa Seleyian aliamka, mtungi haupo. Akatoka mbio. Mle ukunguni mtu alikuwa akija ameinama, shuka kiunoni, maji yakimchuruzika. Wanaume wa kioski walimfuata kwa maneno.

"Saning'o, siku hizi wewe ni mke wa nani?"

"Wa nyumba yenye kiu," baba akajibu, asisimame.

Seleyian akamfuata polepole mpaka mlangoni, mama alipokuwa akingoja na mtoto kifuani.

Shuleni alifika kengele haijalia. "Mwalimu, kubeba mtungi ilikuwa kazi ya kina mama. Ndiyo maana mwanamume mwenye mtungi angetambulika mara moja mjini. Hakuhitaji jina. Walimfuata, wakafika."

"Nani amekufundisha?"

"Papa. Leo ameteka maji."

Safari hii darasa halikucheka, hata Wanyonyi. Mwalimu akafunga Biblia.

"Kitabu hakitaji jina lake, nasi tusimzulie. Lakini sikieni, watoto. Kazi njema wenzako wanayoionea haya, wewe ifanye. Pengine nyuma yako kuna mtu anayekufuata apate kufika nyumbani."