Jeneza la Mtu Anayepumua

Maji yalipofika katikati ya magurudumu, Tom alikanyaga breki. Mvua ya Mei ilikuwa imepiga tangu alfajiri, na mwanzo wa barabara ya Ndia Kuu ulikuwa umegeuka mto wa rangi ya chai, ukipeleka makopo, ndala na kiti kimoja cha plastiki.

"Nikisogea tena injini itakunywa maji," alisema. "Halafu tutatafuta wa kutuokoa sisi."

Mbodze hakubishana. Miaka tisa katika gari la wagonjwa ilimfunza kwamba dereva akisema gari halipiti, basi halipiti. Alitia mkoba wa dawa mgongoni, akakumbatia mtungi mdogo wa oksijeni, akashuka. Hatua chache mbele, maji yalimshika mapajani. Ubao wa kubebea majeruhi hawakuwa nao. Asubuhi ile waliuacha hospitalini chini ya kuli aliyegongwa na lori Shimanzi, na hospitali haikuwa imeurudisha. Kitanda cha magurudumu kilikuwamo garini, lakini vichochoro vya Mji wa Kale havikujengwa kwa ajili yake, na magurudumu hayaogelei.

Mgonjwa alikuwa barazani kwake. Mzee Fahmi alipanda juu ya paa kuzuia bati lisipeperuke, bati likamshinda, likampasua paja. Mkewe, Swabaha, alikuwa amelikandamiza jeraha kwa leso iliyoloa damu chapachapa.

"Usitoe mkono, mama, mpaka nikwambie."

Mbodze alizungusha mkanda juu ya jeraha, akaukaza na kuusokota. Fahmi alipiga ukelele uliosikika nyumba ya tatu. Damu ikasita. Mbodze akachukua kalamu, akaandika juu ya mkanda: saa nane na dakika ishirini.

"Waandika nini?" Swabaha aliuliza.

"Saa. Mkanda huu waizuia damu isitoke, na waizuia isishuke mguuni. Zikipita saa mbili kabla hajafika kwa daktari, mguu waweza kufa."

"Na ukiufungua?"

"Atakufa yeye."

Alimvika Fahmi barakoa ya oksijeni, akaita kwa redio. Alijibiwa kwamba magari mengine yote yamekwama upande wa Kibarani. Basi wakajaribu blanketi. Majirani wanne walishika pembe, wakaingia majini. Kwenye kona ya pili palikuwa na ngazi iliyofunikwa na maji. Wa mbele akateleza, blanketi likachanika, na Fahmi akazama mpaka kidevuni. Walimpandisha kwenye baraza ya msikiti, wote wakihema, Swabaha nyuma yao. Dakika arubaini zilikuwa zimekwenda na maji.

Hapo ndipo Mbodze alipoliona. Lilikuwa limeegemezwa ukutani, kitanda cha mbao chenye mikono minne mirefu, chembamba kiasi cha kupita kichochoro chochote cha mji ule. Mwadhini, mzee wa Kidigo aliyeitwa Mung'aro, alikuwa akizoa maji mlangoni kwa ndoo.

"Baba, naomba lile."

Mung'aro aligeuka kutazama, akamrudia kwa macho. "Lile ni jeneza, mwanangu."

"Najua."

"Halijapata kubeba mtu anayepumua."

"Mume wangu hapandi hapo na roho yake!" Swabaha alifoka. "Huko ni kuyaita mauti!"

Fahmi alisogeza barakoa kando. "Swabaha, nimekunywa maji ya mtaro mpaka basi. Nipandisheni hata kwenye mlango wa choo."

Mung'aro aliweka ndoo chini. "Mola aijua nia," alisema, akalishusha mwenyewe.

Walimlaza, wakamfunga kwa leso tatu. Mvua ilikuwa ikimpiga usoni na kuingia kwenye barakoa, kwa hiyo Mbodze akamfunika kwa nailoni ya meza, kutoka miguuni mpaka juu ya kichwa. Kosa lilikuwa hilo, na lilikuwa lake peke yake.

Jeneza liliinuka mabegani, Mung'aro akiwa mbele. Hatua ishirini tu, milango ikaanza kufunguka. Mwanamume wa Kiislamu akikutana na jeneza njiani hulitilia bega, japo kwa hatua chache, na mvua haijawahi kuwa udhuru. Walitoka madukani, wakatoka kwenye karakana, wengine na kofia zikiwatiririka maji. Wa mbele walipokea, wakapisha, wakapokea wengine. Jeneza lilikwenda mbio juu ya vichwa, na Mbodze akashukuru moyoni, maana kwa mwendo ule wangefika mapema.

Kisha akasikia tahlili. Sauti nzito za wanaume zilikuwa zikimtaja Mungu kama zinavyomtaja kwa wafu. Waliojua kwamba mle ndani mna mtu aliye hai walikuwa wamepokezana mpaka wakabaki nyuma, na Mung'aro mwenyewe alikuwa nyuma ya Mbodze, akitweta. Penye njia panda, kulia palikuwa na Tom na gari. Jeneza likakata kushoto, kuelekea makaburi ya Kikowani.

"Si huko!" Mbodze alipiga kelele. Hakuna aliyegeuka. Sauti ya mwanamke nyuma ya jeneza huchukuliwa kuwa kilio. Na Fahmi, aliyekuwa akiguna njia nzima, alikuwa kimya.

Mbodze aliingiwa na hofu ambayo hakuwa ameijua tangu mwaka wake wa kwanza kazini. Alipenya katikati ya migongo iliyolowa, akakanyaga miguu ya watu, akapigwa kiwiko cha shavu, akafika mbele na kuushika mkono wa jeneza kwa nguvu zake zote.

"Huyu hajafa!" Akavuta nailoni.

Fahmi alikuwa mweupe midomo, lakini ukungu ulikuja na kutoweka ndani ya barakoa. Tahlili ikakatika. Mzee mmoja akatamka, "Subhanallah," na bila kuambiwa wakaligeuza jeneza. Mtu mmoja alimwachia Mbodze nafasi, naye akaingiza bega lake pale pale, mwanamke wa Kikristo kutoka Kaloleni, na hakuna aliyemzuia. Safari hii walikimbia, mpaka kwenye gari la Tom.

Walimfikisha kwa daktari saa kumi kasoro dakika tano.

Mbodze hakuwa na desturi ya kuulizia wagonjwa. Ukianza kuuliza, utaulizia wangapi? Lakini siku ya tatu alikwenda wodini bega likimuuma. Fahmi alikuwa ameketi, mguu umefungwa na kuinuliwa juu ya mto.

"Nikitoka hapa nina kazi," alimwambia. "Nitapita nyumba moja moja."

"Kuwashukuru?"

"Na kuwaambia niko hai. Kuna mtu alinibeba huku analia, binti yangu. Simjui ni nani. Sikujua kama kuna mtu wa kunililia mji huu zaidi ya Swabaha."

Mbodze alisogea karibu na kitanda. Akanyoosha mkono, akakishika kidole kikubwa cha ule mguu. Kilikuwa na joto. Hakukiachia mpaka muuguzi alipokuja na dawa.