Mafua si Baridi

Marehemu mke wangu hakuita kuku kama watu wengine. Alisimama kwenye mlango wa jikoni, kibakuli cha chakula mkononi, akapaza sauti:

"Wapangaji! Kodi!"

Nao walikuja mbio, shingo mbele. Kodi yenyewe ilikuwa mayai.

"Wanakaa kwangu, wanakula kwangu, na kodi wanalipa siku wakijisikia," alikuwa akisema. "Umewahi kuona wapangaji wa namna hiyo?"

"Nimewaona," nilimjibu. "Wako pale ofisi ya mtaa."

Akacheka mpaka chakula kikamwagika.

Sasa mimi ni mgane. Nilioachiwa ni binti yetu, fundi cherehani anayeshonea sebuleni, na hao kuku. Maneno yale ya mke wangu sikuweza kuyatamka. Nilipiga sufuria kwa kijiko. Kuku walikuja, lakini polepole, kama watu wanaoitwa mkutanoni.

Mmoja tuliyempenda kuliko wote ni Dalali. Ana madoadoa ya kijivu, na ni mzee kati ya wenzake. Mke wangu alimlea tangu kifaranga, ndani ya boksi, chini ya kitanda chetu. Alimwita Dalali kwa sababu kila kuku akitafuta pa kutagia, yeye humtangulia kwenda kumwonyesha mahali. Baada ya msiba, kila asubuhi alikuja mpaka mlango wa jikoni. Hakuniangalia mimi. Aliangalia nyuma yangu, kama vile kuna mtu anakuja.

Banda letu limeegemea ukuta wa jikoni. Lina mbao pande zote na bati juu. Chini ya bati, pande mbili, kuna uwazi wenye wavu. Mke wangu ndiye aliyemwambia seremala auache. Mimi sikuuliza ni wa nini.

Sasa habari ya jogoo.

Mtaro wa mtaa wetu ulikuwa umeziba muda mrefu. Kwenye mkutano nilisimama nikasema yaliyo moyoni. Mwenyekiti wetu hakuleta sepeto. Alikuja nyumbani na jogoo kwapani.

"Mzee wangu," akasema, "pole kwa msiba, na pole kwa mtaro."

Jogoo alikuwa mzuri, mwekundu, mkia umesimama. Nilimwita Mheshimiwa. Anapiga kelele asubuhi, anatembea kifua mbele, na hatagi. Alipiga chafya mara moja mikononi mwangu. Nikadhani ni vumbi. Jioni ileile nikamwingiza bandani na wengine.

Siku chache baadaye, binti yangu alisimamisha cherehani.

"Baba, kuku wanapiga chafya."

"Mafua hayo," nikasema. "Si unaona baridi hii?"

Mafua katika nyumba yetu yalikuwa na tiba moja. Binti huyu alipokuwa mdogo, akishikwa na mafua, mama yake alifunga madirisha. Alimpasha moto. Alimchua kifua kwa dawa. Na mtoto alipona, maana sasa ni mtu mzima ananifokea. Kwa hiyo nilijua la kufanya.

Nilichukua magunia nikaziba uwazi wa upande mmoja. Upande wa pili nilipigilia misumari pazia la sebuleni. Niliweka jiko la mkaa mlangoni, joto liingie. Kisha nikachukua dawa ya kuchua.

Binti yangu akatoka nje, futi ya kupimia shingoni.

"Baba! Hilo si pazia la mama?"

"Ndilo. Ni zito. Halipitishi upepo."

"Na mimi wapita njia wananichungulia nikishona."

"Wewe huna mafua."

Akanusa. "Na harufu hii ni ya nini?"

"Dawa ya kuchua."

"Umewachua kuku, baba?"

"Kidogo tu. Puani."

Akajiziba uso kwa mikono. Mabega yake yalitikisika kwa kicheko. Na mimi nikacheka. Kulikuwa hakujachekwa katika ua ule tangu siku za mama yake.

Lakini kuku hawakupona. Walizidi. Pua zilitoa makamasi yenye harufu mbaya. Nyuso zilivimba. Waliacha kula, na mayai yakakatika. Akafa mmoja, kisha mwingine.

"Twende ofisi ya mifugo," akasema binti yangu.

"Ofisi ipi? Ile yenye kufuli kubwa kuliko mlango? Nilikwenda mwaka jana kuulizia chanjo. Nikaambiwa mhusika yuko semina. Hao wakubwa hawainami kutazama watu, watainama kutazama kuku?"

"Baba, hiyo ilikuwa mwaka jana."

"Semina nyingine ni ndefu."

Akarudi kwenye cherehani yake. Nami nikaongeza gunia.

Asubuhi moja nilipiga sufuria, na Dalali hakutokea. Nikamkuta pembeni mwa banda, amejikunyata. Uso wake ulivimba upande mmoja, kama mtu anayeumwa jino. Jicho lilikuwa limeganda. Nilipomshika alipumua kwa kukoroma, kama redio iliyoishiwa betri.

Nilikaa naye pajani kwenye ngazi ya jikoni. Binti yangu alikuja akanitazama.

"Nenda," nikamwambia. "Nenda hukohuko ofisini."

Alirudi na daktari wa mifugo. Alikuwa mwanamke kijana. Alikuja kwa miguu, buti za mpira kwenye mfuko, na tope la mtaro wetu mpaka juu ya vifundo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Gari la ofisi liko wapi?"

"Liko na bosi."

"Na bosi yuko wapi?"

"Yuko na gari."

Hapo nikampenda.

Kwanza aliomba maji. Akatia dawa ndani yake, akasugua viatu vyake mpaka nyayo, akavaa buti na glavu.

"Unaogopa uchafu wetu?" nikamuuliza.

"Naogopa kukuletea uchafu wa nyumba niliyotoka. Magonjwa ya kuku yanasafiri kwa viatu, mzee."

Akauliza maswali. Kuku wamekufa wengi kwa ghafla? Kuna wanaopinda shingo? Kuna wanaoharisha kijani? Nikajibu hapana, hapana, hapana.

"Afadhali. Ukiona hayo, usingoje hata saa moja. Usiwachinje, usiwauze, usiwashike kwa mikono mitupu. Tuite. Kuna magonjwa yanayomaliza kuku wa mtaa mzima, na mengine huwapata watu pia."

Kisha akaliangalia banda. Akaangalia magunia, na pazia, na jiko.

"Mzee, huwa unaingia humu?"

"Kila siku. Naingiza mkono."

"Leo ingia mzima. Toa hilo jiko kwanza. Chuchumaa, kichwa chako kiwe kimo cha kuku. Funga mlango, kisha vuta pumzi."

Nilidhani ananitania. Lakini uso wake haukuwa wa utani. Nikaingia, magoti yakilia. Nikachuchumaa. Binti yangu akafunga mlango.

Nilivuta pumzi moja. Macho yakaniwasha kama yametiwa kitunguu. Nikakohoa. Pazia la marehemu lilikuwa karibu na pua yangu, nalo lilinuka mavi ya kuku. Nikausukuma mlango, nikatoka nikishika ukuta, machozi yakinitiririka.

"Baba, unalia?"

"Ni hewa," nikasema.

"Ni hewa kweli," akasema daktari. "Mavi yakiloa na banda likizibwa, hutoka hewa kali. Ukisimama nje huioni. Wao wanalala ndani yake usiku kucha. Inachubua macho, pua na mapafu. Tena umeongeza moshi wa mkaa. Moshi ule peke yake unaweza kuua, kuku na watu. Usilale na jiko la mkaa ndani ya chumba, mzee, hata siku ya baridi kali."

"Lakini wana mafua! Mafua si baridi?"

"Jina ndilo linatudanganya," akasema. "Sisi tunaumwa mafua, na kuku tunasema wana mafua. Lakini haya ya kuku ni ugonjwa wao, nao haukuzaliwa na baridi. Unaletwa na vijidudu visivyoonekana kwa macho. Vinatoka kwa kuku mgonjwa kwenda kwa kuku mzima. Vinapita kwenye chafya, kwenye maji wanayokunywa pamoja, kwenye mikono yetu. Ukiziba banda, umewafungia chumba kimoja pamoja na ugonjwa."

Akachovya pamba puani mwa Dalali, akaitia kwenye kichupa. "Hii inakwenda maabara, tupate uhakika. Haya, kuna mgeni aliyeingia hapa karibuni?"

"Yupo," nikasema. "Mheshimiwa."

Daktari akageuka kutazama mlango wa nyumba, akaweka shati lake vizuri. "Mheshimiwa gani?"

Binti yangu akamwonyesha jogoo aliyekuwa amesimama juu ya ndoo, kifua mbele, pua inachuruzika.

Daktari alicheka mpaka akavua glavu ili ajifute macho.

"Huyo ametoka kwa mwenyekiti," nikasema. "Nilijua tu! Ugonjwa umeshuka kutoka juu!"

"Umetoka kwa jogoo, mzee. Hata kama ningemleta mimi. Kuku mgeni hukaa peke yake karibu mwezi mzima, mbali na wenyeji, na chombo chake cha maji. Akiwa mzima, ndipo anaingia."

"Mwenyekiti hakuniambia hayo."

"Na banda ni la nani?"

Binti yangu akajibu kabla yangu.

"Bandani mkubwa ni wewe, baba," akasema taratibu. "Na hujawahi kuinama."

Hasira ilinipanda. Ikatafuta mtu wa kumkalia, isimwone. Nikachukua nyundo, nikaanza kung'oa misumari ya pazia.

Mchana ule tulifanya kazi watu watatu. Tulifungua uwazi wote wa juu. Nikaelewa seremala aliambiwa nini: hewa mbaya itokee juu, bila upepo kuwapiga kuku walipolala. Mke wangu alijua, na mimi nilimzibia. Tulizoa mavi na maranda yaliyoloa, tukatandaza maranda makavu. Waliokufa nilikuwa nimewafukia juujuu. Nikavaa glavu, nikawafukia tena kwenye shimo refu, mbali na kisima.

Wagonjwa tuliwatenga kwenye boksi kubwa uani. "Lisha wazima kwanza, wagonjwa mwisho," akasema daktari. "Kisha unawe mikono kwa sabuni."

Maabara ilipothibitisha kuwa ni mafua hayo ya kuku, alileta dawa ya kutia kwenye maji. Nilimwambia nina vidonge vyangu vya kifua vilivyobaki.

"Vidonge vyako ni vyako," akasema. "Si vya kuku. Hii utawapa kwa siku zote nilizosema, hata wakichangamka mapema. Maji ya dawa yakilala, mwaga, changanya mapya. Na mayai yasiliwe wala yasiuzwe mpaka nikuambie."

"Na ile dawa ya kuchua?" akauliza binti yangu, macho chini.

"Ipi?"

"Hakuna," nikasema haraka.

Kila asubuhi nilifuta jicho la Dalali kwa pamba na maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, kama nilivyoonyeshwa. Aliniparua, nami nilimwita majina mabaya. Kisha siku moja uvimbe ukaanza kushuka. Akadonoa punje moja. Kesho yake akadonoa kidole changu, kwa hasira kabisa. Nilifurahi kama nimepandishwa cheo.

Wengi walipona. Mheshimiwa naye alipona, na kelele zake. Daktari alitupa onyo la mwisho: kuku aliyepona anaweza kubaki na vijidudu mwilini, akawaambukiza wengine. Kwa hiyo wetu hatuwauzi wakiwa hai, wala hatuingizi wageni kati yao. Siku tukitaka kundi jipya, litaanza upya, baada ya hili kuisha na banda kusafishwa na kukaa tupu.

Mwenyekiti alisikia. Akaja getini na kuku wawili mkononi.

"Mzee wangu, nimekuletea wa kufidia."

"Rudi nao," nikasema. "Hapa watapata ugonjwa. Ukitaka kufidia, lete sepeto."

Alisema atalifanyia kazi. Mtaro bado umeziba. Lakini daktari tunamwona. Anapita kwa miguu, na binti yangu amemshonea mfuko imara wa buti zake.

Pazia lilifuliwa mara nyingi. Lina matundu ya misumari upande mmoja. Binti yangu alitaka kuyaziba, nikamwambia ayaache. Jua la asubuhi linapita pale, linatua juu ya cherehani yake.

Nami sasa nainama. Kabla ya kulisha, naingia bandani nachuchumaa, kichwa kimo cha kuku. Navuta pumzi. Macho yakiwasha, najua kazi ya siku hiyo ni nini. Yasipowasha, natulia kidogo mlemle, nasikiliza kama kuna chafya.

Juzi nilikuwa nimechuchumaa hivyo. Hewa ilikuwa safi, maranda makavu. Sufuria nilikuwa nimeisahau jikoni. Nilifungua mdomo, nikasikia sauti yangu ikisema:

"Wapangaji! Kodi!"

Cherehani sebuleni ikanyamaza.

Dalali alishuka kutoka kiotani. Alikuja moja kwa moja, jicho moja bado limelegea kidogo. Akasimama mbele yangu, kimo kimoja, uso kwa uso. Mara hii hakutazama nyuma yangu.

Alikuwa ametaga. Yai lilikuwa bado la moto.