Redio Iliyotaja Dirisha

Dada alikuwa akishona sare za shule huku akisikiliza redio. Mdogo wake ni mwandishi wa habari. Wiki ile alikuwa kwenye mji wenye vita.

Mtangazaji akasema kwa madaha, "Mwandishi wetu yuko nasi moja kwa moja, ghorofa ya juu ya nyumba ya wageni, dirisha linalotazama daraja!"

Jirani mpiga picha, aliyewahi kujeruhiwa vitani, alikuwa amefuata suruali yake. Akashtuka. "Mpigie simu ahame! Wenye mizinga nao wana redio."

Dada akapiga.

"Dada, acha woga. Hapa ndipo mtandao unaposhika."

"Mwoga ni wewe, usiyeweza kumkatalia bosi! Toka humo! Na wenzako watoe!"

Wakatoka wote. Jioni kombora likafumua ghorofa ile.

Kesho yake Dada na jirani walimvamia mhariri wa redio ile ofisini kwake.

"Poleni," mhariri akasema. "Ndiyo hivyo, vita haina macho."

"Haina macho, lakini masikio inayo!" Dada akafoka. "Na mdomo ulikuwa wenu!"

"Wasikilizaji wanapenda kujua yuko wapi."

"Wanapenda habari. Dirisha lake la nini?"

Jirani akauliza, "Fulana yake ya kuzuia risasi iko wapi?"

"Stoo. Ni ya gharama, tunaitunza."

"Mnaitunza isipigwe risasi?" Dada akauliza.



"Sikiliza," jirani akasema. "Kumlenga mwandishi ni uhalifu. Wewe usiwasaidie wahalifu. Rekodi taarifa, itangaze akishahama. Pangeni saa yake ya kupiga simu. Asipopiga, anza kumtafuta hapo hapo. Na akisema hapafai, usimsukume."

Simu ya mezani ikalia. Mhariri akaweka sauti ya nje ili wote wasikie.

"Mimi shabiki wenu," mtu akasema kwa upole. "Yule mwandishi kahamia wapi?"

Dada akakunja ngumi.

"Yuko kazini," mhariri akajibu.

"Kazini wapi, ndugu yangu?"

Mhariri akakata simu. Jasho lilikuwa likimtiririka. Alichukua ufunguo, akaenda stoo mwenyewe.

Fulana ilipelekwa siku ile ile. Tangu hapo redio ile haikutaja tena mahali alipo mtu wake. Vita ile mdogo wake Dada aliiripoti mpaka mwisho, na akarudi nyumbani kwa miguu yake.