Mume Anaposa Chini, Mke Yuko Darini

Haya kanisimulia Editha mwenyewe, Jumapili iliyopita baada ya misa, tukichambua mchele kibarazani kwangu hapa Mtoni. Kaniruhusu niyaweke humu. Someni taratibu, wajukuu zangu.

Editha alikuwa kalala kifudifudi juu ya dari, nyumba ya watu Gongo la Mboto, anatandaza pumba za mpunga.

Akasikia sauti ya mumewe, Sebastian, huko chini.

"Rosalia, mie nataka nikuoe."

Akaacha kutandaza, akatega sikio!

"Na yule aliyeko juu?" akauliza Rosalia, mwenye nyumba.

"Editha? Aah! Yule dada'angu. Kaachika, nampa kibarua tu. Fundi ni mie."

Jamani...

Ndoa ya kanisani, miaka tisa! Na ufundi wa nani? Wa Editha! Ndiye anayepasua mianzi, akasuka dari, kisha akatandaza juu yake pumba zilizoanikwa siku tatu na kuchanganywa chokaa zisivunde. Bati liwake jua la Februari, chini kunapoa kama maji ya mtungini. Kazi ya Sebastian ni kubeba magunia na kupiga domo kwa wateja.

Angeweza kuwamwagia gunia zima kichwani. Hakumwaga. Akashuka ngazi polepole, nywele zimejaa pumba.

"Kaka," akamwambia mumewe, "naomba maji ya kunywa."

Sebastian akatoa macho!

"Hongera, wifi," akamgeukia Rosalia. "Kimebaki chumba chako cha kulala. Hicho akifanye kaka kwa mkono wake. Zawadi ya mchumba hiyo, mie nisiiguse."

Rosalia akacheka. "Eti, fundi?"

Fundi akakubali, afanyeje?

Njiani Sebastian akaanza kubembeleza. "Mke wangu, ile ishu ya kumlainisha mteja tu..."

"Tembea, kaka. Watu wanatuangalia."

Siku mbili baadaye Editha akamwona anapakia pumba kwenye guta. Zimenyeshewa huko mashineni, zinachuruzika maji. Chokaa, hata kopo moja hakuna!

Editha akayaona yote, akaendelea kufagia ua.

Hapo mie nikamkatisha. "Mwanangu, hukumwonya?"

"Bibi, fundi mkuu anaonywa na kibarua?"

Siku ya posa ikafika. Sebastian kapiga suti, kaja na washenga wawili. Rosalia akawapeleka chumbani wakaone kazi ya bwana harusi. Editha kasimama mlangoni, kavaa kitenge kipya.

"Dari hili," Sebastian akanyoosha kidole juu, "nimelisuka kwa..."

Kraaa!

Mianzi ikakatika. Pumba zimevunda, nzito kama udongo, zikamshukia yeye na kitanda! Washenga mbio! Zimeingia kwenye kola, zimeingia masikioni, mwanamume anajikuna mpaka analia.

"Editha! Mke wangu, nisaidie! Zinaniwasha!"

"Mkeo?" Rosalia wala hakushtuka. "Mjumbe wenu wa Mtoni aliniambia wiki iliyopita. Nilitaka uniambie mwenyewe, mbele ya washenga wako."

Editha akatabasamu. Alidhani yamekwisha.

"Na wewe, dada," Rosalia akamgeukia. "Ulijua litaanguka?"

"Nilijua."

"Chumba changu! Kitanda changu! Mie nilikukosea nini?"

Tabasamu likafa pale pale. Maana kweli... Rosalia alikuwa kamkosea nini?

"Nisamehe. Nitalisuka upya, na sitaki malipo."

"Utalisuka. Na magunia atabeba huyu, moja moja, kwa mguu!"

Wajukuu zangu, ukimnyang'anya mtu ufundi wake, jiandae kuifanya kazi yenyewe. Na wewe mwenye kisasi, kabla hujakiachia, chungulia kwanza nani mwingine yuko chini.

Mchana ule walirudi nyumbani. Editha akaingia chumba chenye dari, akajifungia komeo, akalala usingizi wa pono. Sebastian akabakiwa na stoo, bati tupu juu, jua linachoma. Akajikuna. Akageuka. Akagonga mlango, hakuitikiwa. Akajikuna tena, mpaka alasiri, usingizi ukampitia akiwa ameketi, kucha bado zi shingoni.