Mkwe wa Dereva Kasman

Sisimizi ndio waliotangulia. Winarti alikuwa akikagua tiketi katika behewa la mbele, wageni wakipiga picha mashamba ya miwa, alipohisi mstari wao ukimpanda kisigino. Akawapangusa. Treni ilipofika darajani walikuwa wamerudi. Pipi za watoto wa wageni hawakuzigusa, walimfuata yeye.

"Umejimwagia sharubati?" Kasman, baba yake, dereva wa treni ile ndogo ya kiwanda cha sukari, alimtania kituoni.

"Jasho tu, Bapak." Akalamba kiganja chake. Lilikuwa tamu.

Wiki ile watu wa kiwanda walikuwa wamefungisha ndoa ya miwa, kama ilivyo ada kabla ya msimu wa kusaga. Miwa miwili, bwana na bibi, huvikwa nguo, huozwa, hupandishwa treni, kisha hutiwa mashineni kabla ya mingine yote, ili yule asiyeonekana anayekimiliki kiwanda ashibe asidai mtu. Lakini mashine zilikwisha kuzimwa; treni sasa ilibeba watalii tu. Miwa ile iliachwa bandani na mavazi yake, ipigwe picha. Na Kasman, aliyesimama kama walii, alitaka wageni wacheke. Badala ya kutaja jina la muwa bibi harusi, alimgeukia bwana harusi akasema, "Nimekuoza binti yangu."

Binti alikuwa naye mmoja, na posa yake kutoka kwa watu wengine ilikwisha kupokewa.

Kufikia Ijumaa Winarti alikuwa kitandani, amekauka midomo, akimtabasamia mtu aliye mlangoni ambapo hapakuwa na mtu. Alasiri ile harufu ya yasmini ikaingia chumbani, nyuma yake harufu nzito ya molasi, na kutoka bandani, ambako moto wa treni ulikuwa umezimwa tangu asubuhi, honi ikalia polepole, ikanyamaza, ikalia tena, kama mume anayebisha hodi nyumbani kwake mwenyewe.

Wakamwita Mbah Suminem, bibi aliyekuwa akiwavisha maharusi wa miwa tangu ujana wake.

"Ulimi wako huo, Kasman!" alinong'ona. "Wacheshi wote wa kiwanda hiki tumeshawazika."

"Nitaivunja ndoa, Mbah."

"Wewe nani uivunje? Anayeacha ni mume. Na huyo haachi."

"Sasa?"

"Mfanye mwanao mjane."

Wakamlaza bwana harusi juu ya reli, na nguo zake. Kasman akawasha moto, akaisukuma treni mbele huku magurudumu yakigoma, huku moshi ukirudi chini na kumziba macho, huku sauti nzito karibu na sikio lake ikimwita "Baba mkwe, Baba mkwe," mpaka chuma kilipopita juu ya muwa na kitu kikapasuka kwa mlio ambao muwa hauna.

Jioni homa ya Winarti ikashuka. Akaomba maji.

Mwezi uliofuata wakwe, wale walioleta posa, walikuja na sinia za ndizi na wali mtamu, kupanga siku ya harusi.

"Hata kesho!" Kasman alicheka.

Winarti akatoka nyuma ya pazia. Hakuwa na kipini wala ua kichwani.

"Siolewi, Bapak. Nimefiwa. Niko eda."

Wageni wakatazamana. Kasman akasogea karibu naye, akashusha sauti.

"Haya, mwanangu. Miezi minne na siku kumi. Tutangoja."

Winarti akatikisa kichwa, akaweka viganja vyote viwili tumboni.

"Hiyo ni ya asiye na mimba."