Mto wa Nywele za Watu

Mnanikaba koo nisimulie, halafu usiku mnajazana kitandani kwangu na kunipiga mateke. Haya, kaeni. Nasema mara moja tu.

Mdogo wangu alikuwa msusi. Hakuolewa, hakuzaa, shoga hana. Kazi ile aliipendea jambo moja: ukishamshika mtu kichwa, hana pa kwenda. Anakaa saa tano akimwaga umbea. Kisha anajitazama kwenye kioo, anaaga. Hapo mdogo wangu hununa.

Nywele zinazobaki kwenye kitana, mwenye akili huondoka nazo. Wateja wake walimwachia. Si mtu wao!

Wakaanza kukauka sauti, mmoja mmoja. Tukalaumu vumbi.

Siku moja, mchana kweupe, binti yangu akaenda kusukwa. Akarudi kapendeza, hasemi. Namuuliza, anafungua mdomo, hewa tupu. Nikadhani ananiringia, nikamtia kofi. Machozi yakatoka. Sauti haikutoka.

Nikaenda mbio. Mlangoni nikasikia wanawake wengi wanacheka. Nikaingia. Mdogo wangu yuko peke yake, kakumbatia mto.

"Mama kaja," mto ukasema.

Sauti ya binti yangu.

"Mfumue," nikanong'ona.

"Nikimfumua, nabaki na nani?"

"Na mimi."

"Wewe? Dada, wewe huji hapa mpaka uwe na harusi."

Kweli tupu, na iliniudhi kuliko uchawi wenyewe. Nikamwekea mkasi mapajani.

Akakata uzi. Ndani hamna pamba. Nywele, zimesukwa, zina joto kama utosi wa mtoto. Akafumua. Kila fundo likilegea, sauti inanipita sikioni, inatoka nje. Naye anakunja uso, anashika sikio lake. Fundo la binti yangu likawa la mwisho.

"Dada, sema kitu."

Nikasema.

"Sema kitu!"

Nilikuwa nasema.

Binti yangu alinipokea njiani akipiga kelele kama king'ora. Mdogo wangu hajasikia neno tangu siku ile. Sasa nakwenda kwake kila siku, nafoka mpaka koo linaniwasha, naye ananitazama midomo tu. Daktari kamchungulia masikio, kasema mazima. Mazima! Na kila asubuhi namvuta humo unywele mrefu. Jana wa mvi, leo mweusi. Mwenyewe alishanyoa upara.