Kisanduku cha Makosa

Kila asubuhi ya likizo, Maren Tollefson alikula mkate wake wa siagi mbiombio, akapanda baiskeli na kumfuata shangazi yake kiwandani. Shangazi Britta alitunza kompyuta ya kiwanda cha jibini, kabati dogo jeusi lililobeba hesabu, oda na lebo zote. Watoto wenzake walikuwa ziwani wakiogelea. Maren, miaka kumi na mitatu, aliona raha zaidi kuandika programu.

"Mfumo una huduma zake," shangazi alimfundisha. "Unaiita huduma kwa jina, unaipa nafasi ya kuwekea majibu, nayo inakujazia. Unaweza pia kuipa kisanduku cha makosa. Usipoipa, jambo likiharibika programu inasimama na kupiga kelele. Ukiipa, inaliandika kosa mle kimyakimya na kuendelea. Kwa hiyo lazima ukisome."

Kazi ya Maren ilikuwa programu ya kuwaonyesha wafungashaji lebo zilizokwama kwenye foleni ya printa. Ingeanza kutumika Ijumaa, siku ya kupeleka jibini kwenye maonyesho ya wilaya. Lakini kila alipoijaribu, ilisimama.

"Wee Maren!" binamu yake Kendra alicheka. "Programu gani hiyo inalia kuliko mtoto mchanga? Ipe maziwa basi!"

"Nenda zako huko!"

Maren alichoka kuchekwa. Akaweka kisanduku cha makosa, lakini hakuandika mistari ya kukisoma. Kelele zikakoma, na skrini ikaonyesha: Hakuna kilichokwama. Maren akaruka kwa furaha.

"Kisanduku umekisoma?" shangazi aliuliza.

"Ndiyo, shangazi," alijibu akiangalia viatu vyake.

Ijumaa, lori likiwa tayari mlangoni, Mzee Arvid, mkuu wa wafungashaji, aliingia akihema.

"Britta, lebo hazitoki! Skrini yenu inasema hakuna kilichokwama, mbona printa imenuna? Jibini bila lebo hawalipokei kule maonyeshoni!"

"Basi printa imeharibika," shangazi alisema akichukua simu. "Nimwite fundi kutoka mjini Rochester."

"Mpaka afike, si mapokezi yatakuwa yamefungwa?"

Maren alisikia uso ukimwaka moto. Angenyamaza, lawama zote zingeiangukia printa. Lakini wafanyakazi walikuwa wamelitunza jibini lile tangu majira ya baridi, na sasa lingebaki ghalani kwa sababu yake.

"Shangazi, usipige. Kisanduku sikukisoma. Nilikudanganya."

Shangazi akaweka simu chini, akamvutia kiti. "Kaa. Kisome sasa."

Maren aliandika mistari ile. Kisanduku kikasema: Huna ruhusa ya kuona foleni hii. Kumbe programu ilikuwa imefungiwa nje, haikuona chochote, na ikatangaza kwamba mambo ni shwari! Shangazi akaipa ruhusa. Mara skrini ikaonyesha kwamba lebo za maonyesho zilikuwa zikingoja jibu la swali moja: Je, karatasi ya lebo imewekwa?

"Ala!" Mzee Arvid alijipiga kofi kwenye paji la uso. "Karatasi nimeweka tangu asubuhi! Sikujua inataka kujibiwa."

Maren akajibu ndiyo. Printa ikanguruma, lebo zikaanza kumiminika, na Mzee Arvid akamshika mkono Kendra, aliyekuja kusaidia kupakia, wakacheza katikati ya maboksi.

"Umenikasirikia, shangazi?" Maren aliuliza.

"Kwa ule uongo, ndiyo. Kwa kosa, hata kidogo. Mimi mwenyewe hukosea kila siku." Shangazi alimkumbatia. "Wahenga walisema, mficha maradhi, kifo humuumbua. Ukilisikiliza kosa, linakuonyesha pa kutengeneza. Ukilinyamazisha, linaendelea kuharibu usipoona. Leo umesema kweli ilipokuwa ngumu kusemwa, ndiyo maana tumeponya jibini letu. Haya, kimbia ukapakie, lori linaondoka na wewe hadi maonyeshoni!"